Visiwa vya Tanga: Havina wakazi, lakini vina watu

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MKAZI wa Nguvumali anayenunua changu au tasi wa kitoweo ni nadra kuuliza wamevuliwa wapi. Baadhi yao hutoka katika maji yanayozunguka Toten, Ulenge, Yambe na Karange, visiwa vidogo ambavyo watu wengi wa mjini huviona kwa mbali tu na kuvidhania kuwa pori lisilo na mwenyewe.

Toten kimo ndani ya ghuba, mkabala na mji. Jina lake ni la Kijerumani na maana yake ni wafu, lakini magofu ya misikiti na makaburi yaliyoko huko yanaonyesha kuwa waliokuwapo kwanza walikuwa hai, na Waislamu. Yambe na Karange viko kusini zaidi: jiwe la matumbawe lililofunikwa na vichaka, mikoko ukingoni, wala hakuna mto. Anayelala huko huenda na madumu yake ya maji.

Hata hivyo, watu hulala huko. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya msimu, wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Miongoni mwa wanaozunguka na dago katika pwani hii wamo Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, mashariki mwa Pemba, ambao bahari kwao ndiyo shamba. Huvuka Mkondo wa Pemba, wakavua kwa wiki au miezi, kisha wakarudi kwao.

Hapa ndipo penye utata. Uvuvi wa karibu na pwani si jambo la Muungano. Bara ina sheria yake na Zanzibar yake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, maarufu kwa jina la BMU, vimejengwa juu ya msingi wa kijiji. Mtu wa dago si mwanakijiji wa huku, na wakati wa vikao yeye yuko majini. Matokeo yake ni kwamba maamuzi yanayogusa visiwa hivi hufanywa bila kuwapo watu wanaovitumia zaidi.

Na maamuzi hayo si madogo. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayojumuisha Toten, Yambe na Karange, baada ya nyavu za jarife kunasa samaki hao wa kale jirani na Kigombe miaka ya 2004 na 2005. Kaskazini mwa mji, Chongoleani, ndipo mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Meli kubwa za mafuta zinahitaji eneo lao la usalama, na kila eneo la usalama hupunguza eneo la kuvulia. Kwa upande wa pili wa mkondo, tangu mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Si ajabu wazo hilo likavuka maji.

Historia ya Maziwe, nje ya Pangani, inafaa kukumbukwa. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje na mazalia mashuhuri ya kasa. Miti ilikatwa, mchanga ukaliwa na mawimbi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ikakimeza. Tangazo la kukifanya hifadhi lilitoka mwaka 1981. Serikali ilichelewa ikabaki kulinda fungu la mchanga na miamba yake, ingawa miamba hiyo nayo ina thamani.

Uskoti nako walijifunza kwa gharama. Agosti 29, 1930 wakazi 36 wa mwisho wa St Kilda, visiwa vya mbali katika Atlantiki, waliomba na wakahamishwa. Nyingi ya nyumba zao zimebaki magofu. Ilikuwa hadi mwaka 2018 ndipo bunge la huko lilipotunga sheria inayozitaka mamlaka za umma kupima athari za sera zao kwa jamii za visiwani kabla ya kuamua. Lakini sheria hiyo inawahusu watu wenye makazi. Wetu wana kambi.

Kwa hiyo kuiga hakutoshi. Linalowezekana kwa haraka ni Tanga na Pemba kukubaliana daftari moja la dago, lenye jina la nahodha, chombo, bandari alikotoka na kisiwa anacholala, na BMU za Bara kumpa mwenye jina humo nafasi ya kusema kikaoni. Vikao hivyo vipangwe siku za upepo mkali, vyombo vinapokuwa vimefungwa.