Nguruwe wa hadithi na nguruwe wa mkulima



Hakuna mnyama anayetukanwa kama nguruwe. Mtoto asiyeoga tunamwita nguruwe. Mtu anayekula bila kuwaachia wengine, naye nguruwe. Lakini mwezi wa tisa ukifika, masomo yakifunguliwa na minervali ikitakiwa, ni nani anafungwa kamba na kupelekwa sokoni? Ni yule yule tuliyemtukana. Hata matope tunayomcheka nayo yana sababu: nguruwe hatoki jasho kama sisi, basi anajilaza kwenye matope ili apoe.

Mimi naona matusi hayo yanatuficha swali la maana: ni nani anaamua juu ya nguruwe wa mkulima? Nitalijibu kwa hadithi tatu. Mbili zilitungwa, ya tatu ilitokea kweli.

Ya kwanza watoto wengi wanaijua. Nguruwe watatu wanajenga nyumba, mmoja ya majani, wa pili ya miti, wa tatu ya matofali. Mbwa mwitu anakuja, anapuliza, zile mbili za kwanza zinaanguka. Joseph Jacobs aliiweka katika kitabu chake cha hadithi za Uingereza mwaka wa 1890. Mwaka wa 1933 Walt Disney akaitolea filamu fupi, wakati Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya feza na kazi. Kwa kawaida tunaambiwa: yule wa majani ni mvivu. Lakini sisi tunajua kwamba mwenye kibanda cha majani si mvivu kila mara, mara nyingi hana feza ya matofali. Mimi naangalia kitu kingine. Katika kitabu cha Jacobs, wale wawili wanaliwa. Katika filamu, wanakimbilia kwa ndugu yao, anawafungulia mlango na wanapona. Mbwa mwitu ni yule yule, nyumba ni zile zile. Tofauti ni ule mlango. Kooperativi njo mlango wetu.

Ya pili iliandikwa na George Orwell mwaka wa 1945. Fortunatus Kawegere aliitia katika Kiswahili mwaka wa 1967, ikaitwa Shamba la Wanyama. Wanyama wanamfukuza bwana shamba na kuanza kulima kwa faida ya wote. Nguruwe wanajua kusoma kuliko wengine, wanakuwa viongozi. Maziwa na matunda ya tofaa yanabaki kwao. Kisha sheria zilizoandikwa ukutani zinabadilishwa kidogo kidogo, na wanyama wengi hawawezi kuzisoma vizuri. Orwell alikuwa anasema juu ya Urusi ya Stalin, lakini mwanamemba yeyote wa kooperativi anaweza kuielewa bila kueleza sana. Pale ambapo watu wawili tu wanajua kitabu cha feza kinasema nini, maziwa yatapotea. Nguruwe hawana kosa; kosa ni la daftari lisilosomwa mbele ya watu.

Ya tatu ni ya Haiti, inchi ya watu weusi waliojikomboa katika utumwa. Masimulizi yao yanasema kwamba mwezi wa nane 1791, fasi inayoitwa Bois Caïman, watumwa walichinja nguruwe mweusi na kuapa kupigania uhuru. Uhuru waliupata tarehe 1 Januari 1804. Tangu zamani wakulima wa kule walifuga nguruwe mdogo, mweusi, mwenye nguvu. Alikula maganda, maembe yaliyoanguka na mabaki ya shamba. Hakuomba nyumba ya simenti. Mtu akifiwa, akiwa na ndoa ao na mtoto wa kuingiza masomoni, aliuza nguruwe. Ilikuwa benki yake.

Mwaka wa 1978 homa ya nguruwe ya Afrika ilionekana katika inchi jirani, Jamhuri ya Dominika, na mwaka wa 1979 ikawa Haiti. Marekani iliogopa ugonjwa usifike kwa wafugaji wake wakubwa. Basi kwa feza ya wageni na kwa amri ya serikali ya Duvalier, kuanzia miaka ya 1981 na 1982 nguruwe wa Haiti waliuawa, wazima kwa wagonjwa, mpaka wakaisha. Wakulima wengi walilalamika kwamba hawakulipwa vizuri. Kisha wakaletewa nguruwe weupe kutoka Marekani. Wale walitaka paa, maji safi na chakula cha kununua. Wakulima waliwapa jina: wana wa mfalme wenye miguu mine. Wanyama walilala pazuri kuliko wenyewe! Wengi walikufa. Hasira ya nguruwe ilikuwa moja ya hasira nyingi zilizomkimbiza Duvalier mwezi wa pili 1986. Baadaye wataalamu walitafuta tena mbegu inayofanana na ile ya zamani. Na mwaka wa 2021 homa yenyewe ilirudi Haiti.

Juu ya nini nawaeleza mambo ya mbali? Kwa sababu homa hiyo iko kwetu. Iliandikwa mara ya kwanza na daktari wa wanyama katika Kenya mwaka wa 1921, na hapa Congo iko mpaka leo. Mtu haipati, lakini nguruwe akiipata hakuna dawa ya kumponyesha. Anapata homa kali, anakataa kula, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, anakufa kwa siku chache. Inapita kwa nguruwe anayezunguka, kwa mabaki ya nyama, kwa bote, kisu na kamba. Na inapita zaidi sana kwa woga wetu. Mtu akiona mmoja amekufa, usiku huo huo anawauza waliobaki kwa bei ya chini, na kesho ugonjwa uko katika kijiji kingine.

Hatuwezi kumhukumu tu. Kama akisema, anapoteza yote na hakuna atakayemsaidia. Kama akinyamaza, anaokoa feza kidogo. Ili aseme, inapashwa kusema kusimtie hasara kuliko kunyamaza.

Basi napendekeza hivi. Kila mwanamemba anayeuza watoto wa nguruwe aweke sehemu ndogo katika sanduku la mifugo. Yule wa kwanza anayejulisha komite na veterineri, anayekataa kuuza na kuzika nyama yake, apewe mbegu mpya kutoka sanduku hilo wakati ugonjwa umekwisha na kibanda kimesafishwa. Wenzetu Waislamu, ambao hawafugi nguruwe, tunaweza kupanga nao sanduku kama hilo kwa mbuzi na kuku.

Kuna watakaosema: homa ikishika kijiji kizima, sanduku halitatosha. Ni kweli. Lakini kazi yake si kulipa wote, ni kumpa nguvu yule wa kwanza aseme mapema, ili wengine wafunge nguruwe zao kabla ya kushikwa. Wengine watasema: sanduku litaliwa na komite. Hapo tukumbuke Shamba la Wanyama: hesabu isomwe kwa sauti katika kila mkutano, na iandikwe katika lugha ambayo wote wanasikia.

Na siku shirika lolote, hata hili linalotoa gazeti letu, likituletea nguruwe wapya, tushukuru, halafu tuulize kabla ya kutia sahihi. Watakula nini wakati feza hakuna? Watalala wapi? Wakifa, nani analipa? Na mbegu yetu ya zamani itabaki kwa nani? Wakulima wa Haiti hawakuulizwa. Sisi tusingoje kuulizwa, tuulize sisi wenyewe, tangu mkutano unaokuja.