MAONI: Wimbo wa Jadi Una Mwenyewe

Mwanafunzi, umejifunza kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii na hubadilika kulingana na wakati. Je, kijana wa Tarime au Serengeti anayeshinda shambani, kisha usiku akarekodi upya kwa kompyuta nyimbo za litungu walizoimba babu zake, anaharibu mila? Wapo watakaomwambia "mwacha asili ni mtumwa". Kwa maoni yangu, huyo hajaiacha asili. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane. Likikosa mpigaji, maandishi pekee hayatatusikilizisha sauti yake.

Hata hivyo, mali ya jamii si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi anayejulikana, na inalinda pia sanaa za jadi. Anayerekodi bila kutaja jamii wala mzee aliyemfundisha, huyo ndiye anayeua wimbo: anaubakiza sauti, anaufutia chimbuko.

Zoezi: Mwombe mzee wa nyumbani kwenu akuimbie wimbo mmoja. Andika jina lake, kijiji na tukio unapoimbwa. Ukiurekodi leo, ungebadilisha nini, na nini usingethubutu kukigusa? Toa sababu.