Safari ya jangwani: hesabu saa kabla ya kuhesabu riali

Msomaji wangu mmoja, mama wa watoto watatu anayeishi Tabata, amenitumia ujumbe. Desemba hii, shule zikifungwa, yeye na mumewe wanakwenda Muscat, Oman, kumtembelea wifi yake. Wanafuatana na watoto wa miaka 12, 9 na 4, pamoja na mama mkwe ambaye magoti na mgongo vimeanza kumsumbua. Wifi ameshawaahidi watoto kwamba watapelekwa jangwani kupanda yale magari yanayopanda na kushuka vilima vya mchanga.

“Dada, wifi kanitumia bei tatu kwenye WhatsApp, zimepishana kama mbingu na ardhi,” anaandika. “Hela yenyewe ni ya kudunduliza. Nichague ipi nisije nikajuta?”

Swali hili limenigusa, maana mimi nilishachagua na nikajuta. Kabla sijamjibu, niwasimulie.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kwa kaka yangu anayefanya kazi Muscat. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, wanangu wawili, mkubwa wa miaka 9 na mdogo wa 5, na mama yangu mzazi. Mama alikuwa na miaka 67 na hajawahi kutoka nje ya nchi. Alinunua doti mpya ya kanga, akaiweka kwenye mkoba, akisema ataivaa juu ya mchanga apigwe picha akawaonyeshe wenzake wa kikoba.

Mimi nikatafuta bei ya chini kuliko zote. Nikaipata. Iliitwa “safari ya nusu siku”. Sikuuliza nusu hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi.

Dereva alitufuata saa 1 na nusu asubuhi, akapita kuchukua wageni wengine sehemu mbili. Tulifika kwenye mchanga saa 5. Ilikuwa likizo ya Juni. Aliyewahi kuwa Oman mwezi Juni anajua ninachosema: joto linapita nyuzi 40 na mchanga unaunguza kama kikaango. Tulikaa jangwani dakika arobaini. Kilima cha pili mdogo akatapika. Cha tatu mama akashika mgongo, akaomba gari lisimame. Akabaki ndani, kwenye kiyoyozi, sisi tukashuka, tukapiga picha mbili, tukarudi mbio.

Jioni wifi yangu akamuuliza, “Mama, jangwa umelionaje?” Mama akajibu, “Nimeliona dirishani, mwanangu.” Kanga ilirudi Dar es Salaam ikiwa bado imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani.

Hakuna aliyetuibia. Tulipewa kile tulichonunua. Kosa lilikuwa langu: nilihesabu riali, sikuhesabu saa, wala sikumhesabu mtu dhaifu kuliko wote ndani ya gari.

Jangwa lenyewe liko wapi

Jangwa ambalo familia nyingi hupelekwa kutoka Muscat linaitwa Sharqiya Sands. Wengi bado wanaliita kwa jina la zamani, Wahiba Sands, kutokana na kabila la Bani Wahiba. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 12,500, na vilima vyake vingine vinafika urefu wa mita 100.

Mahali pa kuingilia ni karibu na mji wa Bidiyah, zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat. Barabara ni nzuri, lami tupu, lakini ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwenda, na mwingine kama huo kurudi. Njiani mtapita Ibra. Familia nyingi za Waomani zilizohamia Zanzibar karne ya 19 zilitokea pande hizo, kwa hiyo msishangae mkiagiza chai dukani mkajibiwa kwa Kiswahili.

Sasa fanyeni hesabu. Safari ya siku inayoanzia Muscat ina saa tano za barabarani kabla hamjakanyaga mchanga. Ukiambiwa “saa sita, kutoka mlangoni hadi mlangoni”, mchangani mtakaa chini ya saa moja. Ukiambiwa saa kumi, hapo kuna nafasi ya kupumua.

Njia tatu na gharama zake

Ya kwanza ni kukodi gari la 4x4 na dereva wake kutoka Muscat, siku nzima. Anawafuata nyumbani, anawapeleka jangwani, mara nyingi anawapitisha pia Wadi Bani Khalid, bonde lenye mabwawa ya maji ya kijani katikati ya miamba, anawarudisha usiku. Haina usumbufu, ila ndiyo ghali kwa safari ya siku moja, maana mnalipia gari na dereva kwa zile saa tano za lami pia. Inamfaa asiye na ndugu mwenye gari.

Ya pili ni kwenda na gari la kawaida mpaka Bidiyah, mkakutana pale na dereva mwenyeji mwenye Land Cruiser yake. Gari lenu mnaliegesha, mnaingia jangwani kwa saa moja, mbili au tatu, kisha mnarudi. Hapa mnalipia saa za mchangani tu. Kwa mwenye kaka, dada au wifi mwenye gari, hii ndiyo nafuu kuliko zote. Lakini gari dogo lisithubutu kuingia mchangani. Na hata shemeji akiwa na 4x4 yake, kama hajawahi kuendesha kwenye mchanga laini, aiache kwenye lami.

Ya tatu ni kulala kambini. Zipo kambi za mahema ya kawaida kabisa na zipo za kifahari. Bei mara nyingi ina chakula cha jioni na kifungua kinywa ndani yake. Faida yake ni kubwa: mnaona jua likizama, nyota usiku, na jua likichomoza, bila kukimbizana na saa. Ila usikimbilie kutuma hela. Uliza kwanza kama kufikishwa kambini na gari la 4x4 kumo ndani ya bei au kunalipiwa pembeni, maana mara nyingi kunalipiwa pembeni. Na kama kuna mzee, uliza choo kiko ndani ya hema au mnatembea gizani kukifuata.

Bei ya gari au bei ya kichwa?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Riali moja ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani. Ni karibu dola 2.60. Kwa hiyo bei inayoonekana ndogo kwa riali si ndogo ukiigeuza shilingi.

Tuchukue mfano tu. Mmoja anakwambia riali 25, mwingine anakwambia 100. Utakimbilia 25. Kumbe ya 25 ni ya kichwa kimoja na ya 100 ni ya gari zima. Mkiwa wanne, ni sawasawa. Mkiwa wawili, ya kichwa inawafaa. Mkiwa watano na gari likawatosha, gari zima ni nafuu, na hamtachanganywa na wageni wanaotaka mwendo tofauti na wenu.

Lakini uliza gari linachukua wangapi, kila mmoja akiwa na kiti na mkanda wake. Mara nyingi jibu ni wanne, au watano kwa kubanana. Usikubali mtoto apakatwe kwenye vilima. Gari linapolala upande, mikono ya mama haitoshi.

Maswali ya kumuuliza dereva

Msiogope kuuliza. Dereva mzuri hachukii maswali.

Muulize saa ngapi mtakuwa mchangani, ukiondoa barabara. Mwambie akuandikie, si kwa mdomo tu.

Muulize mtafika saa ngapi. Mwezi Desemba jua huzama huko kama saa 11 na nusu jioni kwa saa za Oman, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Mkifika saa 9 alasiri, joto limepungua na mchanga unaanza kubadilika rangi. Mkifika saa 6 mchana, mnalipia jua la utosini.

Muulize kama anaweza kwenda taratibu. Wapo madereva wanaodhani kila mgeni anataka kurushwarushwa. Mjamzito, mwenye mgongo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asipande vilima kabisa. Apelekwe kwa njia ya chini, kati ya kilima na kilima. Njia hizo zipo.

Mtazame anapofika mwisho wa lami. Dereva anayeijua kazi atasimama apunguze upepo kwenye matairi, ili yatanuke na yasizame kwenye mchanga. Asipofanya hivyo, muulize. Akikujibu kwa kejeli, shukeni.

Muulize nini kimo ndani ya bei: maji, chakula cha mchana, kupanda ngamia, kupita kwa familia ya Mabedui kunywa kahawa na tende. Pale kwa Mabedui mtakaribishwa vizuri, na kina mama wataweka mbele yenu vitu walivyofuma. Si lazima kununua, lakini si vizuri kunywa kahawa na kuondoka bila kuacha chochote. Tengeni riali mbili tatu. Na msipige picha wanawake bila kuomba ruhusa.

Mwisho, muulize mtoto akiugua asubuhi ya safari itakuwaje kuhusu kianzio mlicholipa.

Kwa upande wa watoto

Anayetapika kwenye gari mpeni chakula chepesi, saa mbili kabla. Si chipsi mayai za njiani. Bebeni mifuko ya plastiki na nguo ya kubadilisha. Jioni ya Desemba jangwani ni baridi kuliko mnavyofikiri, kwa hiyo sweta kwa kila mtu, hata kama mchana mlitoka jasho. Na mkipitia Wadi Bani Khalid, hakikisheni kwanza hakuna mvua iliyotabiriwa milimani. Maji ya mabonde yale huja ghafla na hayampi mtu nafasi ya kukimbia. Mtoto asiyejua kuogelea asiachwe karibu na bwawa hata dakika moja.

Epukeni Ijumaa na Jumamosi mkiweza. Ndizo siku za mapumziko Oman, kambi zinajaa na bei haipungui.

Sasa mama wa Tabata

Kwanza, Desemba umechagua vizuri. Ingekuwa Juni ningekwambia ubaki Muscat uwapeleke watoto ufukweni jioni.

Pili, mko sita, hamtoshi kwenye Land Cruiser moja bila kubanana, na magari mawili ya siku nzima kutoka Muscat yatakumaliza. Kwa hiyo chukua njia ya pili. Mwombe wifi awapeleke na gari lake, na kama halitoshi, kodini gari dogo moja la ziada kwa siku hiyo. Kodi yake haitafika gharama ya Land Cruiser ya pili.

Tokeni saa 2 asubuhi, siku ya Jumatatu au Jumanne. Mchana mpumzike Wadi Bani Khalid. Mama mkwe asilazimishwe kutembea mpaka mwisho kwenye mawe, mabwawa ya mwanzo yanamtosha. Saa 9 alasiri muwe Bidiyah.

Dereva mmoja, gari moja, saa mbili na nusu, lakini mwendo miwili. Mwendo wa kwanza ni wa watoto wawili wakubwa na baba yao: hao warushwe mpaka wachoke kupiga kelele. Wewe, mama mkwe na yule wa miaka 4 msubiri Bidiyah na wifi, mnywe chai. Mwendo wa pili ni wenu: mama mkwe akae kiti cha mbele, dereva apite chini taratibu, awasimamishe mahali ambapo mzee anaweza kushuka na kukaa mchangani mpaka jua lizame. Mpangie dereva hivyo kabla ya siku yenyewe, na mkubaliane bei ya yote mawili pamoja.

Mkibakiwa na fedha, ndipo mfikirie kulala kambini. Zisipobaki, hamjakosa kitu kikubwa.

Nimeandika hivi kwa sababu ndivyo tulivyofanya sisi tuliporudi mara ya pili, Desemba, miaka miwili baadaye. Tulilipa pungufu ya mara ya kwanza. Mama alishuka garini mwenyewe, akavua viatu, akatoa ile kanga kwenye mkoba. Hakupanda kilima hata kimoja. Alikaa chini ya kimojawapo kwa muda wa saa nzima, wajukuu wakiteleza kutoka juu mpaka miguuni pake, na picha ile ndiyo iliyopo sebuleni kwake mpaka leo.

Tukutane wiki ijayo.