Dereva Hana Kitu, Gari Lina Bima

Utamdai nini, naye ana njaa kama wewe? Kwa swali hilo kesi nyingi za ajali huzikwa palepale barabarani. Wazee wanakaa, dereva anapiga magoti, inatolewa shilingi 50,000 ya eksirei, kisha inaandikwa karatasi: nimeridhika, sina madai tena. Watu wanauita utu. Mimi nasema ni kumpora majeruhi haki yake huku tukimsifu.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya madhara yatakayompata mtu mwingine. Sababu yake ni hiyohiyo tunayoifanya kisingizio: madereva wengi hawana kitu. Bima ndogo, ambayo kwa miaka mingi mwenye gari dogo la binafsi ameikata kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwamo, haimrudishii mwenyewe hata taa iliyovunjika. Imekatwa kwa ajili yako uliyegongwa. Mahakama ikiamua kwamba mwenye bima anapaswa kukulipa fidia, kampuni ndiyo inayowajibika kulipa hukumu hiyo. Basi ukisamehe kwa kumwonea dereva huruma, aliyesamehewa hasa ni kampuni iliyokwisha pokea fedha za siku hiyo.

Jirani yangu, mama wa vitumbua, aligongwa akiwa amesimama pembeni kabisa mwa barabara. Siku ya tatu, mguu ukiwa kwenye plasta, alitia dole gumba kwenye karatasi ya mjumbe, wazee wakimwombea dua kwa moyo wake mweupe. Mfupa ukaunga vibaya, ukavunjwa upya. Miezi saba jiko lake halikuwaka. Bintiye mkubwa aliacha masomo ya ushonaji akawa ndiye mwenye kumnyanyua, kumwogesha na kutafuta unga. Bima ya gari lile ilikuwa hai siku ya ajali, na sisi tuliojazana pale, nami nikiwamo, hatukuiulizia.

Wengine hujifariji kwamba dereva alishtakiwa na kutozwa faini. Faini inaingia serikalini! Haimnunulii majeruhi hata magongo. Faida ya mashtaka hayo kwa majeruhi ni kwamba hukumu ya kosa la barabarani inampa ushahidi wa kudai fidia, ambayo ni kesi nyingine kabisa.

Najua kampuni huzungusha watu: njoo Jumatatu, faili liko kwa meneja. Lakini kampuni zina msimamizi, TIRA, na malalamiko hupelekwa huko. Anayezungushwa ana faili. Aliyemaliza mambo kienyeji hana hata fomu ya polisi, PF3. Kwa hiyo trafiki aitwe, apime, achore ramani ya ajali. Piga picha namba ya gari, ulizia bima yake, tunza kila risiti, hata ya bajaji ya kwenda kliniki. Bodaboda isiyo na bima ni msiba wa kweli, lakini hilo utalijua baada ya kuuliza, na watu hawaulizi.

Sheria inampa majeruhi miaka 3 kufungua madai ya fidia, na ya mama huyu haijaisha. Jumatatu nakwenda naye kituoni kuomba ripoti ya ajali. Kama karatasi ya mjumbe inamzuia kudai, atuambie hakimu.