Wavulana, Shikeni Sindano!

Ndugu msomaji, najua kichwa cha makala haya kimeshakuchekesha. Wewe cheka, lakini usifunge ukurasa. Hata mimi nilicheka, na kicheko changu kilinirudia kama mpira uliopigwa ukutani.

Mwaka jana nyanya yangu alisafiri hadi Minnesota, Marekani, kumtembelea mama mdogo. Alifika mwezi wa Oktoba, baridi ikianza kuuma, akakuta mtaa mzima umepambwa kwa mifupa ya plastiki, utando wa buibui na maboga yaliyotobolewa macho na meno. Nyanya ni Mkatoliki wa kupigiwa mfano. Nusura arudi uwanja wa ndege! Mama mdogo akamtuliza: “Mama, hii ni Halloween. Ni mchezo wa watoto.”

Naam, Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asili yake ni desturi za kale za Waselti wa Ireland na Uskoti, waliokuwa wakiaga mavuno na kukaribisha majira ya baridi. Waairishi waliohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 waliibeba desturi hiyo, nayo ikaota mizizi huko. Jioni hiyo watoto huvaa mavazi ya kuchekesha au kutisha, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba na kupewa peremende. Peremende hizo lazima zitiwe mahali. Wengine hubeba vindoo vya plastiki, wengine foronya za mito, na wengine mifuko ya kitambaa.

Binamu yangu, mvulana wa miaka tisa, alitaka mfuko. Akamwendea nyanya, “Nyanya, nishonee.” Nyanya akamjibu, “Mfuko ni wako, mikono ni yako. Keti hapa.”

Wakaenda dukani kununua kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Nyanya alipokigusa tu, akapasua kicheko, “Kumbe ni amerikani!” Na kweli, hilo ni jina ambalo wazee wetu wa pwani waliipa pamba hiyo ngumu, kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, katika karne ya 19. Nchi hiyo ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833. Ajabu ni kwamba nyanya alivuka bahari akakutana na kitambaa alichokijua tangu utotoni!

Kazi yenyewe si ya kutisha. Kata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 45, kisha viwili vya mikono, kila kimoja sentimita 10 kwa 60. Kata umbo la boga kutoka kitambaa cha rangi ya machungwa, ulishone juu ya kipande kimoja. Fanya hivyo mapema, kwa maana mfuko ukishaungwa, sindano itakuwa inashona pande zote mbili pamoja, nawe utalia. Halafu laza vipande vyako viwili vikubwa, pande nzuri zikitazamana, bandika pini, na ushone pande tatu, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Kila unapopeleka sindano mbele, irudishe nyuma hatua moja ndipo usonge tena. Hapo ndipo nguvu ya mshono ilipo. Kunja ukingo wa juu sentimita 1, kisha sentimita 3, ushone pindo. Mikono ikunje mara mbili kwa urefu, kingo zikiwa ndani, uishone, kisha uikaze kwenye pindo kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Geuza mfuko. Umemaliza!

Binamu alikuwa na haraka. Mishono yake ilikuwa mirefu kama hatua za twiga. Nyanya aliona, akanyamaza. Usiku wa tarehe 31, katika nyumba ya nne au ya tano, mfuko ukafumuka chini, peremende zikatawanyika njiani gizani. Mtoto akalia. Wenzake wenye vindoo wakapita. Alirudi nyumbani, hakumpa mtu mfuko wake. Alikaa chini ya taa, akatia uzi tundu la sindano mwenyewe, akashona upya, safari hii kwa mishono mifupi, akatoka tena.

Nyanya aliporudi nyumbani alituonyesha picha: kijana, mfuko, boga la kitambaa lenye jicho moja kubwa kuliko jingine. Mimi nikaangua kicheko. “Ati mvulana mzima anashona kama msichana!” Nyanya akanitazama polepole, akauliza, “Na hilo begi lako la shule ulilolifunga kwa waya, nani atalishona?”

Wenzangu, nilikosa la kusema. Mkono wa begi langu ulikatika muhula wa kwanza. Nilikuwa nimempa dada yangu mdogo alishone, naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Aliponiambia nisubiri, nilinuna na kuchukua waya. Mtoto wa miaka tisa alinishinda.

Basi hoja yangu ni hii. Kushona si kazi ya wasichana. Ni kazi ya mtu yeyote anayevaa nguo. Hebu nendeni sokoni mtazame walioketi nyuma ya cherehani. Je, si wanaume wengi? Sare tulizovaa zimeshonwa na nani? Mbona mwanamume akilipwa kwa kushona anaitwa fundi, lakini mvulana akishona kifungo bwenini anachekwa?

Wapo watakaosema, “Halloween si yetu, ina mambo ya mashetani.” Sibishani nao. Siombi shule yetu ipambwe kwa mifupa. Hata nyanya yangu hakutoka kubisha hodi, na kesho yake, tarehe 1 Novemba, alikwenda misa kama kawaida. Lakini alijua kutenganisha pumba na mchele. Sikukuu aliwaachia wenyewe, ila mjukuu wake alimwachia ujuzi.

Wengine watasema, “Mifuko si iko madukani?” Iko, tena tele, tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Lakini mara ngapi tumenunua mfuko leo na kesho ukakatika tukiwa na unga ndani? Mfuko ulioshona mwenyewe ukikatika unajua pa kuanzia. Wa kununua ukikatika, unanunua mwingine.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kitenge Jumamosi moja kila muhula tufundishane kushona, wavulana kwa wasichana. Pili, walimu wetu wapendwa mturuhusu kutumia sare kuukuu zinazolala stoo tushone mifuko ya kubebea vitabu vya maktaba. Tatu, na hili ni gumu zaidi, tuache kuwacheka wavulana wanaoshika sindano. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu ni wa kifungo na mkono wa begi. Kuuziba kunahitaji uzi wa shilingi chache tu.

Mimi nimeanza. Mfuko wangu wa kwanza ulienda upande kama mlevi, na sauti za kunicheka zilisikika hadi bweni la pili. Lakini begi langu halina waya tena. Na dada yangu, siku hizi, ananiletea vifungo vyake.

Makala ya mwanachama, Kidato cha Tatu