Mmenunua Mashine, Mwongozo Mmeuacha Bandarini

Nilikuwa nimeshika tochi. Ndiyo kazi niliyopewa usiku ule, nilipokuwa msaidizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti. Mashine ilikuwa na siku ya tisa haifanyi kazi, na wala haikuwa imevunjika. Mafundi waliifungua kubadilisha beringi, wakaifunga, na tangu hapo kila alizeti ikiingia, mashudu yanatoka yamelowa mafuta. Nje ya geti malori ya wakulima yalipanga foleni, magunia yakipigwa jua mchana na umande usiku. Mtu aliyejua kuirekebisha alikuwa amestaafu, na gari la kiwanda lilikuwa limekwenda kijijini kumfuata.

Mzee akaja. Akachota mashudu, akayavunja kwa vidole, akayanusa. Akalegeza nati, akapunguza pengo la kutokea mashudu, akakaza, akaagiza mbegu zipashwe moto zaidi kabla ya kuingia. Haikufika nusu saa, mafuta yakaanza kuchuruzika. Watu wakapiga makofi. Meneja akampa bahasha na soda. Hakuna aliyempa kalamu. Hata mimi, niliyemulika kila alichokigusa, sikuandika neno. Miezi michache baadaye beringi ikafa tena, na gari likarudi kijijini.

Kitabu cha mashine ile kilikuwepo. Kilikaa kabatini kwa mhasibu, bado kimo ndani ya nailoni yake, nusu Kichina, nusu Kiingereza cha kubabaisha ambacho hata meneja alikishindwa.

Leo nasema bila kumung'unya maneno: kiwanda kile hakikuwa cha mwenye hati. Kilikuwa cha mzee yule. Mwenye hati alikuwa mpangaji katika kumbukumbu ya mtu mmoja, na kila mashine iliposimama alilipa kodi ya pango. Na viwanda, hospitali, skimu za maji na kampuni za programu za namna hiyo vimejaa nchi nzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukaiachia methali hiyo wenye maduka, tukadhani daftari ni la hesabu za sukari na sabuni tu. Daftari la mashine ni mwongozo wake. Asiye nao anapoteza mali kila siku, tena bila habari kweli, kwa sababu hasara yenyewe haina safu kwenye vitabu vya mhasibu. Inaandikwa "matengenezo". Inaandikwa "usafiri". Inaandikwa "dharura". Jina lake halisi ni uzembe wa kutoandika.

Mnaodhani haya ni matatizo ya viwanda vidogo vya mikoani, twendeni Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, moja ya kampuni kubwa za biashara ya hisa nchini humo, ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake 8. Fundi aliiweka kwenye seva 7, ya 8 ikasahaulika. Soko lilipofunguliwa asubuhi, seva ile iliyosahaulika ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa imeachwa humo miaka mingi bila kutumika, ikaanza kumwaga oda za hisa ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Wataalamu wakahangaika. Katika kuhangaika wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa salama, moto ukaongezeka. Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata ikamezwa katika muungano na kampuni nyingine.

Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipochunguza, ilikuta nini? Ilikuta kampuni haikuwa na utaratibu wowote wa maandishi unaomtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza. Haikuwa na mwongozo wa kuwaelekeza watu wake nini cha kufanya mambo yakiharibika. Wataalamu walikuwepo, wenye shahada na mishahara minono. Seva zilikuwepo. Ukurasa mmoja haukuwepo. Nani kati yenu atathubutu kuniambia tena kwamba kuandika ni gharama?

Twendeni sasa nyumbani, Ifakara. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani. Seattle ilikuwemo, London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara yetu, mkoani Morogoro, ilikuwemo. Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha: huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Sehemu ya kupasuliwa ndiyo hii? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Vifaa vimehesabiwa kabla mgonjwa hajatoka chumbani? Hakikununuliwa kisu kipya kwa ajili ya orodha ile. Na matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi moja! Lakini iangalieni vizuri karatasi hiyo. Haikuandikwa na mtu aliyekuwa akisubiri mshahara wa mwezi. Iliandikwa na watu waliojua upasuaji na waliojua pia namna binadamu aliyechoka anavyosoma: maneno machache, mpangilio unaofuata hatua za kazi yenyewe, hakuna sentensi ya kujionyesha. Huo ni ufundi. Una watu wake, una kanuni zake, na unastahili malipo yake kama ufundi wa kuchomelea au wa umeme.

Sisi kazi hiyo tunampa nani? Tunampa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wiki ya mwisho kabla hajaondoka. Au mhandisi mwenyewe, saa mbili usiku, baada ya mkurugenzi kukumbuka kwamba mkaguzi anakuja kesho. Kinachozaliwa hapo ni ule mwongozo tunaoujua sote: "Hakikisha mfumo umewekwa sawasawa. Kaza ipasavyo. Wasiliana na mtaalamu." Kaza ipasavyo! Fundi angejua ipasavyo ni kiasi gani angefungua kitabu kutafuta nini?

Wanaouza bidhaa wanapaswa kuliogopa jambo hili kuliko wengine wote. Mwaka 1983 kampuni ya Marekani iitwayo Coleco ilitoa kompyuta ya nyumbani, Adam. Kompyuta yenyewe ilikuwa na hitilafu zake, lakini wateja walipoirudisha kwa wingi na robo ya mwisho ya mwaka ikaisha kwa hasara ya dola milioni 35, kampuni yenyewe ilikiri kwamba vitabu vya maelekezo havikumsaidia ipasavyo mtu anayeshika kompyuta kwa mara ya kwanza. Mteja hakuirudisha kompyuta peke yake. Aliirudisha na aibu ya kuketi mbele ya kitu alichokilipia na kujiona mjinga. Mteja uliyemfanya ajione mjinga harudi dukani kwako.

Na kwa vijana wetu wa programu hali ni kali zaidi. Safaricom ya Kenya ilipofungua Daraja mwaka 2017 ili wenye programu waunganishe mifumo yao na M-Pesa, ilikuwa inauza kitu kisicho na kitufe wala rangi. Huwezi kukishika, huwezi kukiweka dirishani. Mnunuzi anachokiona ni maelekezo: tuma ombi hili, utapata jibu hili, ukipata kosa hili fanya hivi. Katika biashara ya namna hiyo maelekezo ndiyo duka lenyewe. Yakiwa mabovu, mteja anapiga simu, anasubiri siku tatu, kisha anakwenda kwa mshindani. Halafu mnakaa vikaoni mkiulizana kwa nini mauzo yameshuka.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma kuliko yote. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mashine, ya mwaka 2006, inaamuru kila mashine iende sokoni na maelekezo katika lugha rasmi ya nchi inakouzwa. Mtengenezaji wa China akitaka kuuza mashine Ureno, anaandika Kireno. Ureno ina watu kama milioni 10. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na sijawagusa Wakenya wala Wakongomani wanaofanya kazi kwa Kiswahili kila siku. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa Kiswahili kinatosha kumhukumu mtu kifungo, kinashindwaje kumwambia azime mota kabla ya kuingiza mkono? Mtengenezaji yule anayemheshimu Mreno anatudharau sisi kwa sababu moja tu: Mreno alidai, sisi tukasaini. Mashine inashushwa bandarini, picha inapigwa, utepe unakatwa, na mwendeshaji anakabidhiwa kitabu asichoweza kukisoma. Akikatwa vidole, ripoti inasema hakufuata maelekezo.

Najua majibu yenu. Mtaniambia mafundi hawasomi. Uongo! Fundi anasoma ujumbe wa mkopo kwenye simu mpaka nukta ya mwisho. Anasoma msimamo wa ligi. Hasomi kitu kilichoandikwa kana kwamba yeye hayupo. Mtaniambia video zipo mtandaoni. Saa nane usiku, mikono imejaa grisi, bando limeisha, na mashine ya kwenye video ni toleo jingine: atafute nini humo? Mtaniambia akili bandia itaandika. Itaandika kile alichokiona nani? Haikuwepo usiku ule. Haikumwona mzee akivunja mashudu kwa vidole. Mwandishi wa kweli wa miongozo huanza kwa kukaa kitako na anayejua, akimuuliza mpaka amchoshe, akiangalia mikono yake kuliko anavyosikiliza mdomo wake.

Mtaniambia pia mafundi wenyewe wanaficha ujuzi. Hilo ni kweli, na ninyi ndio mliowafundisha kuficha. Fundi ameona wenzake wakitoa siri zote, kisha wakaondolewa na kuletwa vijana wa bei nafuu. Siri ndiyo pensheni yake. Mnataka aitoe? Inunueni! Mlipeni kwa kila saa anayokaa na mwandishi, wekeni jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, mpandisheni cheo awe mwalimu wa zamu. Maarifa yana bei, na bei hiyo ni ndogo kuliko siku tisa za malori getini.

Ninachodai ni hiki, kwa wenye viwanda, kwa waganga wakuu, kwa maofisa ununuzi wa serikali. Andikeni kwenye kila mkataba kwamba mwongozo wa Kiswahili ni sehemu ya mashine kama mota ilivyo sehemu ya mashine, na kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka mwongozo umepimwa. Kuupima hakuhitaji kamati. Mchukueni mfanyakazi mgeni kuliko wote kwenye zamu. Mpeni kitabu. Wakubwa wote wakae pembeni, wafunge midomo. Akiweza kuiwasha mashine, kuitumia, kuizima na kuisafisha bila kuumia na bila kuuliza, lipeni. Akikwama ukurasa wa nne, rudisheni kitabu kwa muuzaji na fedha zibaki benki.

Mimi deni langu nimeanza kulilipa. Nilimfuata mzee yule kijijini kwake, safari hii na daftari, tukakaa siku mbili chini ya mwembe. Ukurasa wa kwanza tuliouandika unasema: "Zima mota, subiri shafti isimame kabisa. Legeza nati ya kufungia. Punguza pengo kwa robo duru, kaza nati, washa, kamua debe moja. Chukua mashudu, yavunje kwa vidole. Yakiacha mafuta mkononi, zima, rudia robo duru nyingine."

Kijana yeyote wa zamu anaweza kuusoma, hata peke yake, usiku, kwa tochi.