SONONA NI MARADHI, SI UVIVU

Mkulima wa Sibwesa akiangushwa na malaria, jirani zake humpikia uji na kumpalilia shamba lake. Akivunjika mguu, vijana humbeba kwa machela hadi zahanati. Lakini akishindwa kushika jembe kwa sababu moyo wake umezimika, usingizi umemtoka na chakula kimemchukiza, huruma hiyo hutoweka. Huitwa mvivu. Wanaomhurumia sana husema amelogwa, na viongozi wa kitongoji humkaripia kwa kukosa kufika kwenye kazi za kijiji. Hivyo basi mgonjwa huadhibiwa kwa sababu ya ugonjwa wake.

Hali hii si ya Sibwesa peke yake. Iko Karema na Ikola kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, iko Mpanda mjini, na iko kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walijiua duniani, na kiasi cha robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Si kila aliyejiua alikuwa na sonona, lakini sonona ni miongoni mwa mambo makubwa yanayomfikisha binadamu huko. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza leo ni la kufa na kupona.

Ni vema kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Huzuni ni sehemu ya maisha. Aliyefiwa hulia, na mazao yakiharibika mwenye shamba husononeka. Lakini huzuni ya kawaida huwa na vipindi; mfiwa huweza kutabasamu anapomkumbuka marehemu, na siku zinavyopita hurudi kwenye shughuli zake. Sonona haina vipindi hivyo. Hudumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Mgonjwa hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, huchoka bila ya kufanya kazi, hushindwa kuamua hata jambo dogo, hujilaumu kwa makosa asiyoyatenda, na pengine huanza kutamani kifo. Wengi wa watu wetu hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa ni kizito, kifua kinabana, mwili hauna nguvu, au mawazo yamewazidi. Wakapewa dawa ya malaria mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Tena sonona si ya namna moja. Iko ile kali inayomwangusha mtu kwa majuma au miezi. Iko ile isiyo kali sana lakini inayodumu miaka miwili au zaidi, hata watu wakadhani kwamba ndiyo tabia ya mwenyewe. Iko ya mama aliyejifungua, ambaye watu humshangaa kwa kutomfurahia mtoto wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja katika kila watano hupatwa na matatizo ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Iko ya wazee walioachwa peke yao. Na iko ile inayopokezana na kipindi cha furaha isiyo na kiasi, ambapo mgonjwa halali, husema bila ya kupumzika na hutapanya mali. Hii ya mwisho hutaka dawa tofauti, na anayepewa dawa ya sonona peke yake aweza kuzidishiwa matatizo. Ndiyo maana hatuwashauri wananchi kujinunulia dawa dukani.

Mazingira yetu nayo yana mchango wake. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Hatupingi hatua hiyo, kwani ziwa likiisha samaki hakutakuwa na mvuvi. Lakini mvuvi wa dagaa amezoea kupumzika siku za mbalamwezi tu, kisha giza lirudipo naye hurudi majini na taa zake. Miezi mitatu ya kukaa ufukweni bila ya kipato, na deni la wavu likimsubiri, ni mzigo mwingine kabisa. Huko Visiwani, zilipozama meli za MV Spice Islander mwezi Septemba 2011 na MV Skagit mwezi Julai 2012, ziko familia zilizofanya matanga bila ya kuzika. Msiba usio na kaburi haumaliziki upesi. Na katika mkoa huu wa Katavi wako wananchi wenzetu wa Mishamo na Katumba, ambao wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Majeraha ya namna hiyo hayaonekani kwa macho, na kwa baadhi ya watu hayaponi yenyewe.

Je, maradhi haya yanatibika vijijini? Jibu tunalo hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti walijaribu tiba isiyotumia dawa hata kidogo. Wenyeji wa maeneo hayo, ambao hawakuwa madaktari, walifundishwa kuongoza vikundi vya watu wenye sonona vilivyokutana kila juma kwa majuma 16, wanaume mbali na wanawake mbali, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko yaliyowavuruga. Kabla ya vikundi, watu 86 katika kila 100 walikuwa na sonona. Baada yake hawakufika saba. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo, zaidi ya nusu ya watu waliendelea kuugua. Nchini Zimbabwe nako, kina bibi waliofundishwa kusikiliza hukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, kazi iliyoanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda. Watu wa huko huyaita maradhi haya kwa jina lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, kama sisi tusemavyo mawazo.

Basi haitoshi kusema kwamba ipo Hospitali ya Mirembe Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, au kwamba Unguja ipo ya Kidongo Chekundu. Hospitali hizo zina kazi yake, lakini mtu wa Sibwesa hawezi kufunga safari hadi Mpanda, kisha apande treni ya Kaliua na Tabora, ili tu aulizwe analalaje usiku. Swali hilo liulizwe na mganga wa zahanati iliyo karibu naye.

Tunawaomba viongozi wanaohusika watazame mambo matatu. La kwanza, waganga na wauguzi wa zahanati wafundishwe kuitambua sonona, na kila mama anayeleta mtoto kliniki aulizwe hali yake yeye mwenyewe. La pili, dawa kama amitriptilini na fluoksetini, ambazo ni za siku nyingi na si za gharama kubwa, zisikosekane kwenye vituo vya afya. La tatu ni sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza imemhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu chao kinapingana na Katiba. Mtu anayeogopa kituo cha polisi hatamwambia mganga kwamba alikwisha kushika kamba. Woga huo huua.

Lakini si kila jambo la kungojea Serikali. Mgonjwa asiachwe peke yake. Aalikwe kwenye kazi ndogo na matembezi mafupi, na asishurutishwe kucheka. Pombe isifanywe dawa, kwani humwinua mtu saa moja na kumwangusha siku tatu. Anayepewa dawa aelezwe kwamba nafuu huweza kuchukua majuma mawili hadi manne, na asiziache kwa kujionea amepona mpaka mganga atakapomwambia. Dawa hizo atunze ndugu wa karibu, maana amitriptilini nyingi kwa mara moja huua. Mashehe, mapadri, wachungaji na waganga wa jadi, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufuatwa, waendelee kuwafariji watu, lakini wasimzuie mgonjwa kwenda zahanati. Na mtu akisema amechoka kuishi, asidhihakiwe. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa sababu swali hilo halimtii wazo hilo kichwani bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha asiachwe peke yake, sumu ya mimea na kamba ziondolewe karibu naye, naye apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Kwa muda mrefu tumeyaficha maradhi haya chini ya majina ya uvivu, uchawi na laana, na tumekuwa tukizika watu ambao wangeweza kupona. Mkulima yule wa Sibwesa bado anastahili uji wake, palizi yake na machela yake.